Kijana Aliyetumwa Akasahau



Mzazi aliyeruzukiwa watoto wa kiume hana haja ya kwenda mbali kutafuta kichekesho wala mtihani. Vyote viwili vimo nyumbani mwake. Humtuma mwanawe sukari kabla ya Magharibi, naye hukutwa uwanjani, pesa mkononi, akilinda goli.

Jambo hili lilitufika sisi wenyewe. Tulimkuta wetu katika mpira, tukamwita kwa ukali. Akajibu mbio mbio, "Baba, duka limefungwa!" ilhali nyuma yake taa ya duka inawaka, na mwenye duka anatutazama. Watu walicheka, sisi tukaona haya na ghadhabu.

Usiku ule tulijiuliza: uongo huu mtoto kafunzwa na nani? Jawabu halikuwa tamu. Kila alipokiri kosa tulimpiga. Basi akajua kuwa kweli ina fimbo, na uongo una matumaini ya kuokoka.

Na tumtazame aliye kigezo chetu. Amepokea Imam Muslim kwamba Anas bin Malik (R.A.), aliyekuwa mtoto wa kama miaka 10 Bwana Mtume (S.A.W.) alipohamia Madina, siku moja alitumwa naye. Njiani akawakuta watoto wakicheza sokoni. Mara akashikwa shingo kwa nyuma. Kugeuka, ni Mtume mwenyewe, anacheka! Akamwita kwa jina la mapenzi, akamwuliza kama amekwenda alikoamrishwa. Anas akajibu kuwa naam, anakwenda. Na Anas huyo huyo ameeleza kwamba miaka yote aliyomtumikia Mtume hakukaripiwa kwa alilolitenda wala kwa aliloliacha.

Zingatieni hapa mambo mawili. La kwanza, Mtume alicheka. La pili, hakuifuta amri yake: aliuliza. Wengi wetu hushika moja tu. Huyu hucheka akaacha, mtoto akaharibika kwa kudekezwa. Yule hushika amri bila ya kicheko, mtoto akaharibika kwa hofu.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111 Miladia), ameagiza katika Ihyaa kwamba mtoto atokapo chuoni aachiwe mchezo mwema apumzike, kwani kumzuia daima kwaufisha moyo wake, na kwamfanya atafute hila za kukimbia masomo. Hila za watoto wetu, basi, nyingine twazitengeneza sisi.

Siku hizi twamtuma wetu kabla ya saa ya mpira. Akichelewa twamfuata, twacheka naye, kisha twamwuliza: sukari iko wapi? Hajawa malaika. Lakini juzi alituambia, "Nimesahau, Baba," akaenda mbio dukani. Nasi tulimshukuru Mungu kwa neno hilo.

Mwenyezi Mungu atutengenezee watoto wetu, na atutengeneze sisi kabla yao. Amin.