Pauni ya Dhahabu ya Mwaka 1917

Wengi waanzao kukusanya sarafu za kale za Ulaya hudhani kwamba mizani ya sonara yawatosha: dhahabu ikiwa halisi na uzito ukitimia, wamenunua vema. Sivyo. Pauni ya dhahabu ya Uingereza, iitwayo Sovereign, yaonyesha jinsi mtu awezavyo kupata dhahabu halisi na huku amepunjwa.

Pauni hiyo ilianza kupigwa chapa London mwaka 1817, zamani za Mfalme George III. Uzito wake ni gramu 7.98, na katika mafungu kumi na mawili, kumi na moja ni dhahabu. Fungu lililobaki ni madini mengine, hasa shaba, ya kuitia ugumu. Nyingi zina picha ya Mtakatifu George juu ya farasi akiliua joka, kazi ya Pistrucci, fundi wa Kiitaliano.

Baadaye zilipigwa pia ng'ambo, na kila kiwanda kilitia herufi yake: S kwa Sydney, M kwa Melbourne, P kwa Perth. London haikutia herufi yo yote. Katika pauni za Mfalme George V herufi hiyo ni ndogo mno, nayo iko chini ya farasi, juu ya tarakimu za mwaka.

Basi mwaka 1917 London ilitengeneza zaidi ya milioni moja, lakini zilizosalia ni chache sana; wajuzi hudhani kwamba nyingi ziliyeyushwa. Za Sydney na Perth za mwaka huo huo ni nyingi. Kwa hiyo isiyo na herufi hununuliwa kwa mara nyingi ya thamani ya dhahabu yake.

Waghushi waliliona jambo hilo. Walitumia dhahabu ya kiwango kile kile, wakaacha herufi, na mizani haina la kusema. Mnunuzi hana budi kuiweka kando ya pauni nyingine isiyoshukiwa na kuzitazama zote mbili kwa kioo cha kukuzia. Maandishi yaliyofifia kingo, vishimo au vivimbe vidogo penye uwanda, na meno ya ukingoni yasiyo sawa, vyote vyatia shaka. Tena na adai hati ya muuzaji ya kurudishiwa fedha kabla hajalipa, wala asiisugue sarafu ili ing'ae, maana mikwaruzo huondoa thamani hata ya ile iliyo ya kweli.