Kitunguu Saumu Kibaki Jikoni, Kidonge Kisiachwe

KWA NINI TUMEANDIKA

Malalamiko hayaishi: mgonjwa wa presha kauziwa chupa ya kitunguu saumu na tangawizi, kaambiwa "inazibua mishipa", kaacha vidonge. Ndugu zake huja kwetu kiharusi kikishampiga. Tumeshaonya vijijini na mijini, na hatutachoka.

VYAKULA VINAVYOSAIDIA

• Mchicha na bitiruti vina naitreti, ambayo mwilini hugeuka kuwa naitriki oksaidi na kulegeza mishipa ili damu ipite. Usimwage maji uliyochemshia mchicha. Naitreti huenda nayo.
• Vibua na dagaa: mafuta ya omega-3.
• Maharage, kunde na choroko: nyuzinyuzi zake hupunguza lehemu.
• Ndizi na parachichi: potasiamu huzisaidia figo kutoa chumvi.

Chumvi ndiyo adui. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo kwenye ng'onda na mkate. Ondoa kikopo cha chumvi mezani.

ONYO: USIACHE DAWA

Presha hukaa mwilini miaka bila kuuma. Kujisikia vizuri si kupona. Mara nyingi ni dawa inayofanya kazi. Kipimo cha 140/90 au zaidi, kikirudiwa siku tofauti, ni presha ya juu. Hakuna mboga wala juisi inayochukua nafasi ya kidonge ulichoandikiwa. Anayekuahidi kukuponya kwa chupa, muulize: nikipooza, nitakupata wapi?

Tunarudia: kula vizuri NA umeze dawa. Ukitaka kupunguza dozi, mwamuzi ni daktari.

WANAOPASWA KUULIZA KWANZA

Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asizidishe wala kuacha ghafla mboga za majani, kwa sababu vitamini K iliyomo hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Kitunguu saumu kingi humwongezea hatari ya kuvuja damu. Mgonjwa wa figo amuulize daktari kuhusu ndizi na parachichi, kwa sababu ya potasiamu.

UKIONA HAYA, KIMBIA

Uso umepinda, mkono umelegea, ulimi umekuwa mzito: ni dalili za kiharusi. Usimnyweshe mgonjwa wala usimlishe chochote. Angalia saa dalili zilipoanza, mpeleke hospitali papo hapo, ukamwambie daktari saa hiyo. Kila dakika inayopotea, ubongo unakufa.

Msomee kijitabu hiki mzee wako leo, kisha mhesabie vidonge vyake.