Darubini Ndogo, Darubini Kubwa
Watoto na wazazi, wiki hii tunajifunza maneno ya darubini. Mwanangu anayo ndogo ya milimita 70. Anaona mashimo ya Mwezi na miezi minne ya Mshtarii, na sasa ameomba kubwa. Mimi nesi nikawaza bei, nikauliza inakuza mara ngapi. Swali lenyewe silo! Uliza upana wa kioo. Kioo cha milimita 150 hukusanya mwanga zaidi ya mara nne ya lenzi ya 70, na picha ikikuzwa bila mwanga wa kutosha hufifia tu.

Ila kubwa ni nzito, tena huachwa nje kwanza ipoe. Ukikaa ghorofa ya nne bila lifti, itabaki kabatini. Vyama vingi vya wapenda nyota hapa Uingereza huwaazima wanachama darubini. Tumeazima moja, tuone kama ataibeba mwenyewe.

Ndogo hatuiuzi. Kilimia, nyota zilizopewa jina kutokana na kulima, huenea chote ndani yake. Kwenye kubwa hukatika pembeni.

Kazi ya nyumbani: andika kwa wingi “kioo kipana” na “darubini nzito”. Neno lipi halikubadilika? Kisha mpigie bibi au babu, umwulize: kwao Kilimia kikionekana, walipanda nini?