Seva ya Ofisi Umeme Unapokatika: Mwulize Fundi Amepachikaje Diski

Chama cha msingi kinachopokea korosho Tandahimba, duka la dawa Mtwara mjini na shule binafsi ya Mikindani vyote hutunza taarifa za watu. Nyingi huwekwa katika seva ndogo inayoendeshwa kwa Linux, iliyofungwa na fundi wa kukodiwa. Mmiliki halazimiki kuwa fundi, ila anapaswa kujua ni machaguo gani yamewekwa kwa niaba yake.

Mfumo wa faili wa ext4, uliotangazwa kuwa thabiti mwaka 2008, una shajara. Kabla ya kubadili mpangilio wa faili, kompyuta huandika kwanza pembeni inachokusudia kufanya, kama karani wa ghala anayejaza daftari kabla gunia halijahamishwa. Umeme ukikatika katikati ya kazi, mashine ikiwashwa tena husoma shajara na kurekebisha mpangilio. Hata hivyo, maandishi ya mwisho kabla ya giza yanaweza kupotea, isipokuwa programu iwe imeamuru yaandikwe diskini papo hapo.

Diski inapopachikwa, fundi huchagua namna shajara itakavyofanya kazi. Chaguo la kawaida ni `data=ordered`: yaliyomo huandikwa diskini kwanza, kisha mpangilio huthibitishwa katika shajara. `data=journal` hupitisha vyote viwili katika shajara; ni salama zaidi lakini huandika mara mbili, hivyo huchelewesha kazi. La tatu, `data=writeback`, halijali utaratibu huo, na baadhi ya mafundi hulipenda kwa kasi yake.

Hapa ndipo pa kuwa makini. Chini ya `writeback`, umeme ukikatika ghafla, faili jipya linaweza kuonyesha masalia ya faili lililokwisha kufutwa. Taarifa za mgonjwa zilizofutwa mwezi uliopita zinaweza kujitokeza ndani ya ankara ya mteja mwingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa azilinde, na kwa maoni yetu kasi ndogo inayopatikana haistahili hatari hiyo. Tahadhari kama hiyo ihusu pia `nobarrier`, inayoiacha diski ipange maandishi itakavyo. Bila diski yenye betri yake, shajara yenyewe inaweza kuharibika.

Sehemu zinazopokea picha na nyaraka kutoka nje zipachikwe kwa `nodev`, `nosuid` na `noexec`, ili faili la mgeni lisiendeshwe moja kwa moja kama programu. (Kinga hii si kamili: hati ya amri bado inaweza kuendeshwa kupitia programu nyingine.)

Mwombe fundi aandike amri `findmnt` mbele yako. Ukiona `writeback`, `nobarrier` au `barrier=0`, dai maelezo. Chaguo la `data=` halibadilishwi diski ikiwa inatumika; panga kazi hiyo baada ya saa za ofisi, nakala ya akiba ikiwa imekwisha kuchukuliwa.

Nakala hiyo isikae chumba kimoja na seva. Kimbunga Kenneth kiliangukia Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, Aprili 2019, na shajara haiokoi diski iliyozama. Ofisi ya pwani inaweza kuhifadhi nakala yake Masasi au Newala, na kujaribu kuirejesha angalau mara moja kila msimu.