Kubonyeza Mkono: Nafuu Ipo, Tiba Siyo

Picha ya kiganja kilichochorwa moyo, figo na ini huzunguka sana kwenye simu, ikisemwa ni elimu ya Wachina wa kale. Sehemu kubwa ya mchoro huo ilitokea Marekani. Mwaka 1917 daktari wa masikio, pua na koo, William Fitzgerald, alichapisha kitabu kinachogawa mwili katika kanda 10, kila moja ikifika kwenye kidole. Wakorea nao wana ramani yao ya tangu miaka ya 1970. Kwa wafuasi wa Fitzgerald kichwa kiko kwenye kidole gumba. Kwa Wakorea kiko kwenye ncha ya kidole cha kati. Ramani hizo hazikubaliani, na hakuna mshipa wa fahamu unaojulikana kutoka kiganjani kwenda kwenye figo. Kwa hiyo anayekubonyeza kiganja na kukuambia figo zako zimechoka hajakupima. Figo hupimwa kwa damu na mkojo.

Wachina wana vituo vyao vya kubonyeza mkononi, na kimoja kimefanyiwa utafiti wa kutosha: Neiguan. Geuza kiganja juu. Kuanzia mstari wa kifundo cha mkono, weka vidole vitatu kuelekea kwenye kiwiko. Baada ya kidole cha tatu, katikati ya kano mbili, ndipo penyewe. Bonyeza kwa dakika mbili au tatu, bila kuumiza. Kituo hiki kimeonekana kupunguza kichefuchefu baada ya upasuaji, na wengine hupata nafuu wakiwa safarini. Kukandwa mikono pia hulegeza mwili uliochoka na kutuliza mawazo. Hiyo ni faida ya kweli, tusiidharau.

Kituo cha Hegu, kwenye nyama kati ya gumba na kidole cha shahada, hutumika kwa maumivu ya kichwa. Mjamzito asibonyezwe hapo. Hata waganga wa jadi wa Kichina humwepusha. Usibonyeze penye kidonda, uvimbe au mfupa uliovunjika. Mgonjwa wa kisukari aliyekufa ganzi mikononi akandwe taratibu mno, kwani hasikii maumivu hata akiumizwa.

Madhara makubwa hutokana na kuchelewa kufika hospitali. Mdomo ukipinda upande mmoja, mkono ukilegea ghafla au maneno yakivurugika, hicho ni kiharusi hadi hospitali ikatae. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na kila dakika ya kubonyeza vidole inakatwa humo. Maumivu ya kifua yanayobana, kupumua kwa shida, mjamzito anayetoka damu, mtoto mwenye degedege: tafuta usafiri hapohapo. Mtoto mwenye homa apimwe malaria siku hiyohiyo.

Na wewe unayetumia dawa za presha au kisukari, endelea kuzitumia kama ulivyoelekezwa. Ukipenda kukandwa mikono jioni, kandwa, na kesho nenda kliniki kama kawaida.