Mvua Haipigi Hodi: Vidokezo 8 kwa Mwenye Bwawa la Kuogelea Nyumbani

Mwenye bwawa uani, awe Mbezi Beach, Kigamboni au Nyali, hupewa mtihani kila masika, Machi hadi Mei. Vuli nazo si haba. Na tangu Kimbunga Hidaya kipige Mafia Mei 4, 2024, watu wa pwani hatuwezi tena kusema vimbunga ni mambo ya Msumbiji na Madagaska tu. Jiandae hivi.

1. Usimwage maji yote. Wengi hudhani bwawa tupu ndilo salama. Kinyume chake! Mvua ikishinda siku kadhaa, maji ya ardhini hupanda, na kwenye mchanga wa pwani huwa karibu tangu mwanzo. Bwawa tupu huelea kama mtumbwi: husukumwa kutoka chini, sakafu ikapasuka na vigae vikabanduka. Uzito wa maji yaliyomo ndio unaolikalisha mahali pake.

2. Piga hesabu. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Bwawa la mita 8 kwa 4 likinyeshewa milimita 100 huongezeka lita 3,200, yaani maji hupanda sentimita 10. Kama lina bomba la kutoa maji ya ziada, lizibue. Kama halina, punguza sentimita 15 hivi, basi. Maji yakishuka chini ya mdomo wa skima, usiwashe pampu; itavuta hewa na kuungua.

3. Elekeza gata kwingine. Paa la mita za mraba 150, kwa mvua hiyohiyo, humwaga lita 15,000. Zikipitia bustanini na kuishia bwawani, utaogelea kwenye tope. Chimba mfereji mdogo wa kuyakinga maji kabla hayajafika ukingoni.

4. Ondoa kila kinachoweza kupeperuka. Viti, miavuli, maboya na vyungu vya maua viingie ndani. Una minazi karibu? Muite mkwezi aangue nazi na kukata makuti makavu mapema.

5. Turubai liache stoo. Maji hujaa juu yake, matawi hulitoboa, na mtoto akilikanyaga akidhani ni sakafu, huzama nalo.

6. Zima umeme kwenye breka. Pampu na taa za ndani ya maji zote zizimwe kabla dhoruba haijafika. Kama pampu imekaa bondeni, fundi aifungue na kuipandisha juu. Ikiwa maji yameingia kwenye mota au swichi, usiguse chochote mpaka fundi umeme akague. Na radi ikisikika, kila mtu atoke majini, hata kama mvua bado iko mbali.

7. Dawa ziwe juu, pakavu, na mbalimbali. Klorini ya unga ikilowa hupata joto na kutoa gesi. Ikikutana na asidi, gesi yake ni sumu. Usiziweke rafu moja. Jioni ya kuamkia mvua, ongeza klorini kidogo kwa kufuata maelezo ya kopo, maana jua la mchana huimaliza haraka.

8. Mvua ikikatika, fanya kazi kwa mpangilio. Toa majani, washa pampu iliyokwisha kaguliwa, osha filta, kisha pima maji. Mvua huzimua dawa, hivyo irudishe pH kati ya 7.2 na 7.8, na klorini iwe miligramu 1 hadi 3 kwa lita. Usichelewe, kwani maji yaliyotuama bila dawa ni nyumba ya mbu. Mwaga pia yaliyobaki kwenye vyungu na ndoo, maana mbu wa dengue hupenda humo, na Dar es Salaam tuliona mlipuko wake mwaka 2014 na 2019. Yakiingia mafuriko ya mtaani, chukulia kwamba yamepitia vyooni: funga bwawa, muite fundi.

Na kabla hujawaruhusu watoto, simama upande wa kina kirefu utazame chini. Kama tundu la kutolea maji sakafuni halionekani vizuri, haingii mtu, hata wakilia.