Kabla ya Kulipia AC, Pima Chumba Kwanza

Joto la Mombasa likipanda kati ya Januari na Machi, wengi huanza kuulizia bei ya kiyoyozi, au AC kama tulivyozoea kuiita. Kosa linaloumiza mfuko ni kuchagua kwa kutazama bei peke yake, au kwa maneno ya muuzaji. Ukishaweka PIN, pesa zimeenda. Mashine isipolingana na chumba, utaendelea kuilipia kila unaponunua tokeni.

Ndogo mno, kubwa mno

AC ndogo kwenye chumba kikubwa hufanya kazi bila kupumzika, na joto halishuki vizuri. Kubwa kupita kiasi nayo si dawa: hupoza haraka, kisha hujizima kabla haijatoa unyevu hewani. Pwani unyevu ni mwingi, kwa hivyo unasikia baridi lakini ngozi bado inanata. Isitoshe, kuwaka na kuzima kila mara huchosha kompresa.

Piga hesabu hivi

Nguvu ya AC hupimwa kwa BTU. Madukani utakuta za 9,000, 12,000, 18,000 na 24,000.

1. Pima chumba kwa mita, kisha zidisha urefu kwa upana.
2. Zidisha jibu kwa 600. Hiki ni kipimo cha kukadiria tu kwa sehemu za joto.
3. Jua likipiga sana chumbani, ongeza asilimia 10.
4. Watu wakizidi wawili, ongeza 600 kwa kila mmoja wa ziada.

Tuseme sebule yako Kisauni ni mita 4.5 kwa 4, yaani mita 18 za mraba. Mara 600 ni 10,800. Jua la alasiri linaongeza 1,080. Mko wanne, ongeza 1,200. Jumla ni 13,080, na muuzaji atakwambia uchukue ya 18,000. Ngoja kwanza! Ukizuia jua kwa pazia zito au kivuli cha nje, unatoa ile 1,080 na kubaki na 12,000 kamili. Pazia limekuokolea pesa.

Hesabu na stima

AC ya 12,000 BTU ikifanya kazi kwa nguvu zote hutumia takriban uniti moja kwa saa. Saa 6 kila siku, kwa siku 30, ni kama uniti 180. Fungua SMS ya tokeni ulizonunua mwisho, gawanya pesa ulizolipa kwa uniti ulizopata, kisha zidisha kwa 180. Ukiona jibu linakushtua, afadhali likushtue leo kabla hujanunua. Mashine za inveta hutumia pungufu. Tazama pia lebo ya EPRA: nyota nyingi, stima kidogo.

Siku ya kulipa

Lipa kwa till ya duka, na usome jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha malipo. Ukiambiwa till imekwama, utume kwa namba ya mtu binafsi, kataa. Fundi naye mmalizie pesa zake baada ya AC kuwashwa, chumba kikapoa na maji yakatiririka nje vizuri. SMS ya malipo usiifute: iweke pamoja na risiti, utazihitaji siku ya kudai waranti.